Baba wa Wanne: Filamu ya Familia ya Denmark Mikononi mwa Mkusanyaji

Waheshimiwa, mabibi na mabwana, ndugu zangu mnaopenda filamu za zamani, hamjambo.

Filamu tunayoizungumzia leo ni Far til fire, yaani Baba wa Wanne, iliyotoka Denmark mwaka 1953. Nitaizungumzia kama kitu cha kushikwa mkononi: kijitabu, bango, diski, kanda, mkanda wa filamu. Kila kimoja kina alama zake. Anayezijua hutoa pesa akiwa na amani, asiyezijua huuziwa mbuzi kwenye gunia.

Filamu yenyewe ilianzia kwenye katuni ya gazetini. Kaj Engholm alichora, Olav Hast akaandika. Kampuni ya ASA, iliyoanzishwa mwaka 1936 na yenye studio zake Lyngby, kaskazini ya Copenhagen, ikaigeuza kuwa sinema. Mwongozaji alikuwa Alice O'Fredericks, mwanamke aliyeongoza filamu zaidi ya 70 katika zama ambazo wanawake waliokalia kiti hicho walihesabika kwa vidole. Baba analea watoto wanne bila mama nyumbani. Søs, binti mkubwa, ndiye anayebeba mzigo wa nyumba. Kisha Ole, Mie na kitinda mimba Lille Per, Per Mdogo. Pembeni yupo mjomba Anders, mzee ambaye amekuwa rafiki wa kufa kuzikana wa mtoto huyo mdogo.

Mkusanyaji anapaswa kuelewa kwa nini hadithi nyepesi namna hii bado inatafutwa. Denmark ilikaliwa na Wajerumani kuanzia Aprili 1940 hadi Mei 1945, na hata vita vilipokwisha bidhaa kadhaa ziliendelea kugawiwa kwa kipimo kwa miaka. Ndani ya filamu hii kuna meza iliyoandaliwa, nyumba yenye kelele, mzee anayesikilizwa na mtoto asiyefukuzwa mezani. Hakuna jambazi wala tukio la kutisha. Mambo ni madogo madogo, na udogo wake ndio utamu wake. Televisheni ya Denmark ilianza matangazo ya kawaida mwaka 1951, na nyumba zenye runinga zilikuwa chache mno, kwa hiyo familia nzima ilifunga mlango ikaenda kukaa pamoja gizani kwenye jumba la sinema. Baadaye televisheni ilizirudia filamu hizi mara kwa mara, hata wajukuu wakazijua. Ndiyo maana wanunuzi wa leo hawafanani. Bibi anatafuta kijitabu alichokishika akiwa msichana. Mwanawe anatafuta kanda ya video yenye jalada lile lile lililokaa kabatini kwao. Mjukuu anataka diski yenye picha safi. Kabla ya kununua, jiulize wewe unakusanya kumbukumbu ya kizazi kipi, maana bei na hatari za vitu hivi vitatu ni mbalimbali.

Tuweke orodha sawa, kwa kuwa hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Mfululizo wa awali una filamu nane, zote za O'Fredericks: Far til fire (1953), i sneen, kwenye theluji (1954), på landet, shambani (1955), i byen, mjini (1956), og onkel Sofus (1957), og ulveungerne (1958), på Bornholm (1959) na med fuld musik (1961). Kuna nyingine ya mwaka 1971. Kisha tangu 2005 ukaja mfululizo mpya kabisa wenye jina hilohilo na waigizaji wengine. Mtego mbaya kuliko yote ni wa mjomba Sofus: mwaka 2014 ilitoka Far til fire - Onkel Sofus vender tilbage, Mjomba Sofus Anarudi. Muuzaji asiyejali huandika "Far til fire, Onkel Sofus" na kunyamaza. Mwombe picha ya mgongo wa kasha na usome mwaka.

Kwa mfululizo wa zamani, sura ya baba ni kalenda. Ib Schønberg aliigiza baba katika filamu tatu za mwanzo, akafariki Septemba 1955. Kuanzia 1956 nafasi hiyo ilishikwa na Karl Stegger. Ukionyeshwa picha ya ukutani ya jumba la sinema, ukamwona Stegger, halafu ukaambiwa ni ya 1953, shukuru na uondoke. Per Mdogo naye anasaidia. Ole Neumann, aliyezaliwa 1947, ameigiza nafasi hiyo tangu mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo unamwona akikua kutoka mtoto wa miaka karibu 6 hadi kijana wa karibu 14. Watu wengi hukusanya mfululizo mzima kwa ajili hiyo tu, na nawaelewa: ni albamu ya picha za mtoto mmoja wa taifa zima.

Tahajia pia inahusika. Mwaka 1948 Wadenmark walibadili maandishi yao, herufi mbili "aa" zikawa "å". Lakini wachapaji na wauzaji hawakuhama siku moja. Ukitafuta mtandaoni, andika "på landet", kisha "paa landet", kisha "pa landet" bila alama. Kila mara utaona vitu ambavyo utafutaji mwingine ulivificha. Ongeza maneno haya: "filmprogram" ni kijitabu cha filamu, "plakat" ni bango, "nytryk" ni chapa mpya, "sort/hvid" ni picha isiyo ya rangi, na "undertekster" ni maandishi ya tafsiri chini ya picha. Neno "nytryk" ndilo la kukariri. Muuzaji mwaminifu analiandika, nawe usipolijua unaliruka.

Kile kijitabu kilikuwa kikiuzwa kwenye jumba la sinema kwa sarafu chache. Ndani yake kuna muhtasari wa hadithi, majina ya waigizaji na picha kadhaa. Filamu karibu zote zilizoonyeshwa Denmark enzi hizo zilikuwa na chake. Kwa anayeanza, mimi ningeshauri aanzie hapa: ni kidogo, hakihitaji mashine, bei yake ni ya chini kuliko bango, na ndicho kitu ambacho familia yenyewe ilirudi nacho nyumbani. Kagua pini za katikati kwanza. Pini ya chuma iliyoshika kutu hula karatasi pande zote, na doa la kahawia halirudi nyuma. Ukitaka kuitoa, usiivute. Fungua kijitabu katikati, inua miguu miwili ya pini kwa kijiti chembamba cha mfupa au plastiki ngumu hadi isimame wima, kisha isukume itokee upande wa jalada. Kurasa zishonwe kwa uzi wa pamba kupitia matundu yaleyale. Hesabu kurasa kabla ya kulipa: ukurasa wa katikati wenye picha kubwa ndio uliokuwa ukichomolewa na watoto wabandike ukutani.

Bango lina mambo zaidi. Kipimo cha kawaida cha bango la sinema la Denmark ni sentimita 62 kwa 85. Likipungua sentimita moja au mbili, huenda kingo zimekatwa ili kuficha michaniko au matundu ya pini, na mara nyingi jina la mchapaji lililokuwa pembezoni chini limekwenda na kipande hicho. Likiwa na kipimo cha karatasi ya kisasa, kwa mfano 50 kwa 70, hiyo ni chapa ya mapambo ya ukutani.

Chukua kioo cha kukuzia mara 10 ukiweke juu ya herufi, siyo juu ya picha. Picha katika bango halisi inaweza kuwa na vitone, hilo halisemi lolote. Lakini herufi za chapa ya awali zimejazwa wino mzito, kingo zake zimenyooka. Chapa ya kunakili imetengenezwa kwa kulipiga picha bango zima, ndiyo maana hata herufi zake zimevunjika kuwa vitone vidogo vya rangi nne vilivyojipanga kama ua. Halafu tafuta mistari ya kukunjwa na uipapase kwa ncha ya kidole. Mkunjo wa kweli una mgongo. Mkunjo uliochapwa ni laini kama karatasi iliyouzunguka. Taa ya miale ya zambarau husaidia kidogo tu. Karatasi inayong'aa kibuluu kikali ina kemikali za kung'arisha, na kemikali hizo zilianza kuingia kwenye karatasi karibu na zama hizihizi, kwa hiyo usihukumu bango kwa taa peke yake.

Lipo pia bango ambalo ni la kweli lakini si la 1953. Filamu zilizopendwa zilirudishwa sinema baada ya miaka, na bango likachapwa upya kwa ajili ya marudio hayo. Si bandia, ni kitu halali cha kukusanya, ila thamani yake ni nyingine. Linganisha na picha za bango la kwanza katika hifadhidata ya Taasisi ya Filamu ya Denmark, ambayo iko wazi kwa umma.

Karatasi ikiwa yako, adui ni hewa yenye maji. Ukungu huanza kuota unyevu ukizidi asilimia 65, na watu wa Mombasa, Zanzibar, Dar es Salaam na Muscat mnajua kuwa hewa ya pwani huvuka hapo siku nyingi za mwaka. Lenga asilimia 40 hadi 50 ndani ya sanduku linalofungwa vizuri, lenye pakiti za silika na kipimo kidogo cha unyevu. Silika ikishiba, ikaushe kwenye oveni au uibadilishe. Tumia mifuko ya poliesta safi. Mifuko laini ya PVC, ile yenye harufu kama ya kiti kipya cha gari, hutoa gesi inayoshambulia karatasi na wino. Usipeleke bango kwa mtu wa kulaminisha, nawasihi. Plastiki hiyo hushikana na karatasi kwa joto na gundi, haitoki, na siku hiyohiyo kitu cha kihistoria kimegeuka kuwa kadi.

Sasa tuje kwenye diski, ambako malalamiko ni mengi na mengi hayana msingi.

Mtu ananunua DVD, anasoma kwenye kasha "dakika 96", anafungua hifadhidata anakuta 100, anapiga kelele kuwa wamekata filamu. Hawakukata. Filamu ilipigwa kwa picha 24 kwa sekunde. PAL, mfumo wa televisheni wa Ulaya ambao DVD hizi zinautumia, unaonyesha 25. Kwa hiyo filamu inakwenda mbio kwa asilimia 4 hivi, na sauti inapanda kidogo, chini ya nusu toni. Wimbo wa mzee Anders unasikika mwembamba kuliko ulivyorekodiwa. Hesabu yake: chukua dakika za DVD, zidisha kwa 25, gawa kwa 24. Dakika 96 zinarudi kuwa 100 kamili. Lakini dakika 88 zinatoa 91 na ushee, na hapo ndipo unapouliza dakika 8 zimekwenda wapi. Blu-ray iliyotengenezwa kwa picha 24 haina tatizo hili.

Umbo la picha nalo litazameni. Filamu za ASA za miaka hiyo zina picha ya karibu mraba, upana 1.37 kwa kimo 1. Kwenye runinga pana lazima kubaki mistari myeusi kulia na kushoto. Ikiwa picha inajaza kioo chote, kuna mambo mawili. Nyuso zikiwa zimenenepa, runinga yako inavuta picha. Nenda kwenye mipangilio uchague 4:3. Nyuso zikiwa sawa lakini vichwa vimekatwa juu, aliyetengeneza nakala amekata robo ya kimo cha picha, na mipangilio haisaidii kitu. Katika filamu hii hasara hiyo inauma, kwa sababu watu hukaa wengi kuzunguka meza, wengine wamesimama nyuma. Ukikata juu unapoteza waliosimama, ukikata chini unapoteza chakula.

Kwa tulioko Afrika Mashariki kuna kizuizi kimoja zaidi. DVD zimegawiwa kwa kanda, yaani maeneo ya dunia ambamo zinaruhusiwa kuchezwa. Diski za Denmark ni za kanda ya 2. Kenya, Tanzania, Uganda, Kongo, Rwanda na Burundi ziko kanda ya 5. Oman na nchi za Ghuba ziko kanda ya 2 pamoja na Ulaya, kwa hiyo ndugu zetu wa Muscat na Dubai hawana shida. Deki nyingi za bei nafuu hazijali kanda. Deki ya kampuni kubwa huenda ikakataa na kuandika ujumbe kwenye skrini. Tafuta namba ya modeli yake uone kama ina njia ya kufunguliwa kwa rimoti. Kwenye kompyuta kuweni waangalifu: kiendeshi cha DVD huruhusu kubadili kanda mara 5 tu, na ya tano inabaki milele. Blu-ray ni nafuu kwetu, Ulaya na Afrika zote ni kanda B. Na mfumo wa PAL ndio uliotumika Kenya, Tanzania na Uganda pia, hivyo picha haitageuka mawimbi kama ingekuwa diski ya Marekani.

Igeuze diski utazame mgongo wake. Diski ya kiwandani ni ya fedha, au ya dhahabu hafifu ikiwa na tabaka mbili, na karibu na tundu la katikati ina namba ndogo zinazoanza na herufi IFPI. Mgongo wenye zambarau ni nakala iliyochomwa na mtu kwa kompyuta. Soma pia kuhusu lugha kabla ya kulipa. Filamu hizi zilitengenezwa kwa Wadenmark, na mara nyingi maandishi pekee yaliyomo ni ya Kidenmark, "for hørehæmmede", kwa wasiosikia vizuri. Kwa anayejifunza Kidenmark hayo ni msaada mkubwa, kwa sababu anasoma neno analolisikia. Kwa asiyejua kabisa, hayamsaidii.

Mkanda wenyewe wa filamu ni wa wachache, lakini atakayeupata apige hesabu kabla ya furaha. Mkanda wa milimita 35 hukimbia mita 27.4 kwa dakika. Filamu ya dakika 100 ni mita 2,740, yaani magurudumu matano ya mita 600. Ukiletewa magurudumu matatu ya namna hiyo, una dakika 66 kwa wingi wake wote. Mkanda wa milimita 16 hutumia karibu mita 11 kwa dakika, kwa hiyo magurudumu mawili ya mita 600 yanatosha. Na mkanda wa Super 8 hauwezi kuwa wa 1953 kwa vyovyote: Kodak waliuleta mwaka 1965.

Fungua kopo ukiwa dirishani, nusa. Harufu ya siki maana yake plastiki ya asetati inavunjika na kutoa asidi, na asidi hiyo inaharakisha uvunjikaji unaofuata. Kwenye nyuzi 21 na unyevu wa asilimia 50, mkanda mpya hukadiriwa kukaa miaka 40 hivi kabla hali hii haijaanza. Nakala ya 1953 iliyowekwa sebuleni ilishavuka hapo katika miaka ya 1990. Ili kupima, weka kikaratasi cha A-D, kinachobadilika rangi kikikutana na asidi, ndani ya kopo lililofungwa kwa saa 24. Kikibaki buluu, salama. Kikielekea kijani, mkanda umefika mahali ambapo uharibifu unajiendesha wenyewe. Kikiwa njano, tafuta mtu wa kuuskani haraka. Tenga mkanda huo na mingine, uhamishie kwenye kopo la plastiki lenye matundu, uweke mahali pa baridi. Kulifunga kopo lisipitishe hewa ni kuifungia asidi ndani.

Usiuweke kwenye projekta kabla ya kupima kama umesinyaa. Tandaza kipande mezani bila kuvuta, hesabu matundu 100 ya pembeni. Kwa milimita 35 urefu wake unapaswa kuwa milimita 475. Kwa milimita 16 ni 762. Ukipata 470 badala ya 475, umesinyaa kwa asilimia moja, na meno ya projekta yataanza kurarua matundu.

Kanda za VHS nitazipitia upesi. Angalia kupitia kidirisha: vumbi jeupe kwenye kingo za ukanda ni ukungu, na kanda hiyo ikiingia kwenye deki moja itaambukiza kila kanda inayofuata. Kanda iliyo safi ipelekwe mbele hadi mwisho na irudishwe mwanzo mara moja kabla ya kunakiliwa. Mkirekodi kwa muundo wa video ya dijitali uitwao DV, tengeni gigabaiti 13 kwa kila saa. Aliyewaandalia kanda alitoa picha zake kwenye filamu, kwa hiyo nusu mbili za kila picha ya video, zenye mistari inayopishana, zimetoka wakati mmoja. Msiwashe kichujio cha kuondoa mistari, kitaharibu picha nzima bila sababu.

Na nakala hiyo ibaki nyumbani. Hakimiliki ya filamu Ulaya hudumu miaka 70 baada ya kufariki mtu wa mwisho kati ya mwongozaji, waandishi na mtunzi wa muziki wake. O'Fredericks alifariki 1968, kwa hiyo kwake peke yake haki inafika mwisho wa 2038, na aliyeishi zaidi yake katika kundi hilo anaisogeza mbele zaidi. Kuiweka mtandaoni filamu nzima ni kosa, hata kama mkanda ni mali yako na umeulipia.

Kwenye meza iliyo karibu na mlango kuna vioo viwili vya kukuzia, kijitabu kimoja halisi, bango moja la kunakili na rula ndefu. Anzeni na herufi za bango, kisha mpapase ule mkunjo wa pili kutoka juu. Mikono iwe mikavu, tafadhali. Sabuni na taulo viko pale pembeni.